Sharkuteri ya Baba

Wiki iliyopita tulikuwa tukimuaga mwenzetu mmoja kazini, na mtu akaleta ubao mpana uliopangwa vipande vya nyama baridi, jibini, zeituni na zabibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha chai nikiwaza mambo yangu, mara harufu ikanifikia: kitunguu saumu, pilipili manga, na ule moshi mtamu unaobaki kwenye mafuta ya nyama. Kijana mmoja aliyeajiriwa majuzi akaniuliza kwa sauti ya chini jina la kitu kile linatamkwaje hasa, maana kila mtu mle chumbani alikuwa na lake. Nikamtamkia: sharkuteri. Akauliza maana yake, nikamwambia ni Kifaransa, maneno mawili ya zamani yaliyoshikana, moja la nyama ya mwili na jingine la kupikwa. Akanitazama kama mtu anayetaka kujua nimejulia wapi. Ningemwambia nilijulia jikoni kwetu kule Crystal, kitongoji nilikokulia, lakini hotuba zilikuwa zimeanza, na hadithi yenyewe si ya kusimuliwa umeshika sahani ya karatasi.

Nyinyi tuliokua nanyi huku ughaibuni mnaijua nyumba ya aina yetu. Viatu vimejaa mlangoni, theluji ya buti ikiyeyuka juu ya gazeti. Karatasi ya shifti imebandikwa kwenye friji, na wazazi wanapishana kama walinzi, mmoja anaingia na mwingine anatoka, funguo za gari zikipokezanwa pale ngazini. Kiswahili kilikuwa cha kusikia tu. Ukiitwa ule, unajibu kwa Kiingereza kwamba unakuja. Mimi sikuona ajabu yoyote katika hilo. Nilidhani lugha zote ziko hivyo, kwamba kuna moja ya wakubwa kusemea na nyingine ya watoto kujibia.

Baba alikuwa akiendesha foklifti kwenye ghala moja kubwa huko Shakopee. Mama alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Chini kwenye besimenti aliishi shangazi Njoki, dada mdogo wa baba, aliyekuja kusomea uuguzi na kubaki nasi hata baada ya kupata kazi hospitalini. Shangazi ndiye aliyenisuka nywele kila Jumapili jioni, ndiye aliyenifundisha kuogelea, ndiye aliyejua ni mwalimu gani ananionea. Alikuwa na kicheko kilichopanda ngazi kabla yake. Tulipoulizwa shuleni nani shujaa wetu, wenzangu walichora wanasoka, mimi nilichora mwanamke mwenye kitambulisho cha hospitali shingoni.

Shangazi alipotuambia anaolewa na Erik, kijana wa Lakeville aliyekuwa akipiga picha za eksirei hospitalini kwao, mama alipiga kigelegele palepale jikoni. Baba alicheka, akampa mkono Erik, akamwambia alete wazazi wake tuwaone. Shida haikuanzia hapo. Ilianzia siku wazazi hao walipokuja.

Mama yake Erik alikuwa mchangamfu, alisifia chapati na kuuliza zinavyokunjwa. Baba yake, aliyeitwa Dale, alikuwa mzee mkubwa wa mwili, mikono myekundu, kofia ya wawindaji juu ya goti. Alikaa kwenye kochi letu mchana mzima bila kusema jambo la maana. Alitikisa kichwa, alisema asante, alitazama zulia. Walipoondoka, mama akaanza kukusanya vikombe, baba akabaki ameketi. Kisha akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele: "Yule mzee hajataja jina la dada yangu hata mara moja."

Babu alikuwa amefariki, kwa hiyo baba ndiye aliyepaswa kumshika shangazi mkono na kumpeleka madhabahuni. Baada ya siku ile alisema atahudhuria harusi kama mgeni mwingine yeyote, akae kwenye kiti chake, ale, arudi nyumbani. Hatamkabidhi dada yake kwa watu wasiotaka hata kumtaja. Shangazi alimjibu kwamba ana miguu yake miwili na atatembea peke yake. Tangu hapo nyumba ikawa na ghorofa mbili kweli. Wa juu hawashuki, wa chini anapanda kupasha chakula chake na kurudi. Bado alinisuka nywele Jumapili, lakini alinisuka kimya, na vidole vyake vilikaza kuliko zamani.

Ni katika majira hayo, theluji ikiwa imebaki mafungu machafu kando ya barabara, mama yake Erik alimpigia mama simu. Harusi ingefanyika kwao Lakeville, kwenye uwanja wa nyuma, na alitaka tugawane kazi. Wao wangeshughulika na keki na kuku. Je, upande wetu ungeweza kuleta sharkuteri? Mama alikuwa akikoroga uji, simu iko kwenye spika, nami niko mezani na kazi ya shule. Alijibu vile mama zetu wote wanavyojibu wakiombwa jambo na wakwe: bila shaka, hakuna shida, hilo dogo. Akakata simu, akageuka, mwiko mkononi. "Sasa hiyo ni nini?" akauliza.

Baba hakujua. Wote wawili wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyezaliwa hapa.

Darasa letu lilikuwa katikati ya somo la bahari. Nilikuwa nimechora papa mweupe mwenye safu za meno, na nilijua mambo ya papa ambayo hata mwalimu hakuyajua. Tena nililiona neno lote waziwazi kichwani: mahali pa mikate kwa Kiingereza ni bekari, na papa ni "shark", basi sharkuteri ni mahali wanapotengeneza papa. Nikawaeleza hivyo, kwa Kiingereza, bila hata chembe ya shaka. Baba alichukua simu yake akaliandika neno kama alivyolisikia. Simu ikamrekebisha na kumletea picha za papa, mmoja baada ya mwingine, midomo wazi.

"Papa," mama akasema. "Watu wa Lakeville wanakula papa kwa harusi?"

Baba aliweka simu mezani kifudifudi. Kwake yeye mambo yalikuwa yamejieleza. Watu hawa wametupa mtihani. Wametuomba kitu ambacho hakipatikani huku mbali na bahari, ili siku ile tukija mikono mitupu waseme hawakushangaa. Akatukataza kuuliza. Shangazi asiulizwe, Erik asiulizwe, mtu yeyote wa upande ule asijue kwamba hatukujua. Kama ni papa wanataka, papa watamla.

Jumamosi tulienda naye Saint Paul, kwenye soko kubwa la watu wa Asia ambako samaki huogelea kwenye matangi ya kioo na kaa wamefungwa kamba makucha. Baba alitembea kati ya friji na friji akiwa amevaa koti lake la kanisani, kana kwamba amekwenda kuposa. Mwishowe muuzaji mmoja akamletea kipande cha papa kilichoganda, cheupe, kizito kama tofali. Njia nzima ya kurudi baba aliimba nyimbo za kanisa, nami nilikaa nyuma nimekishika mapajani ndani ya mifuko mitatu. Nilijiona kama mtu aliyewaokoa wazazi wake.

Mama alikikata, akakipaka tangawizi na ndimu, akakitia kwenye mafuta ya moto. Sijui kama kilikuwa kimehifadhiwa vibaya au ndivyo papa alivyo. Harufu iliyotoka ilikuwa ya choo cha shule siku ya joto. Ilipanda hadi vyumbani, ikashuka besimenti, ikaingia kwenye makoti. Mama alifungua madirisha yote na baridi ikaingia, tukasimama jikoni tumevaa kofia, tunatazama vile vipande kwenye sahani. Baba peke yake ndiye aliyeonja. Alitafuna muda mrefu. Akameza, akasema pengine chumvi haikutosha.

Wakati huohuo Odette akagonga mlango. Odette alikuwa akifanya kazi na mama, nao walikuwa wakienda shifti kwa gari moja. Alikuwa ametoka Lubumbashi, ambako zamani alifundisha shule ya msingi, na bado alitembea kama mtu anayeingia darasani. Alisimama mlangoni, akajiziba pua kwa skafu, akaniuliza ni nani amekufa humu ndani. Mama, kwa kuwa Odette hakuwa mtu wa upande wa Erik, akaona katazo halimhusu. Akamweleza yote. Simu, neno, mtihani wa wakwe, soko, papa.

Odette alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi na viatu vyake vya kazi. Kila akijaribu kusema, kicheko kinamrudia. Baba alisimama akimngoja amalize, sahani mkononi. Hatimaye akajifuta macho, akanivuta karibu naye, akaanza kufundisha kwa Kiswahili cha kwao, chenye "njo" pale sisi tunaposema "ndiyo".

"Hapana, ma chère. Charcuterie haina samaki. Chair, njo nyama, nyama ya mwili. Cuite, njo yenye kupikwa. Zamani walikuwa wanasema char, njo maana neno likabakia hivi. Nyama yenye kupikwa, basi."

Akatueleza kwamba karibu na shule yake huko Lubumbashi palikuwa na duka la namna hiyo, madirisha yake yamening'inizwa soseji, na kila siku akipita na watoto ilibidi awakokote. Akasema jinsi alivyofundishwa yeye mwenyewe, kwamba huko Ufaransa ya zamani wenye bucha walikuwa na chama chao, na nyama mbichi ni wao tu walioiuza. Waliouza nyama ya nguruwe iliyopikwa wakawa na chama kingine, na hawa hawakuruhusiwa kuuza mbichi. Basi wakajifunza kufanya kitu kwa kila kilichopo, kichwa, ini, mafuta, utumbo, wakavitia chumvi, wakavichemsha, wakavikausha kwa moshi, mpaka vikawa chakula cha kukaa na cha kutafutwa. Hakuna kilichotupwa.

Baba alikuwa ameweka sahani chini. "Na damu?" akauliza.

"Damu njo ya kwanza," Odette akasema. "Boudin. Wanaijaza katika utumbo na vitunguu, wanachemsha, kisha wanachoma."

"Halafu?"

"Halafu wanakata vipande vidogo, wanapanga ku ubao, watu wanakula wakisimama."

Baba akaketi. Nilimtazama usoni nikifikiri amekasirika, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kwamba neno langu halikuwa sahihi na kwamba nyumba yote inanuka kwa kosa langu. Lakini hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akitazama ukuta kana kwamba kuna mtu pale. "Basi baba yangu alikuwa na sharkuteri pale nyumbani Ol Kalou," akasema polepole, "na hakuna mtu aliyewahi kumwambia."

Nilijua kwamba babu alikuwa na bucha. Sikujua zaidi ya hapo. Siku ile, mama na Odette wakiwa wameshaondoka, baba alinisimulia kwa mara ya kwanza jinsi kila jioni babu alivyowasha mkaa mbele ya duka na kuchoma mutura, yaani utumbo wa mbuzi au ng'ombe uliojazwa damu, nyama iliyokatwakatwa, kitunguu, dhania na pilipili. Watu walitoka kazini wakasimama kuuzunguka ule moto, karani na mchukuzi bega kwa bega, kila mmoja akingoja kipande chake kwenye ubao wenye chumvi. Baba, akiwa na umri wangu, ndiye aliyefunga ncha za utumbo kwa vijiti. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kunipikia. Akasema alidhani nitaona kinyaa. Halafu akaniambia kwamba nisijisumbue na habari ya papa, kwamba nilipoulizwa nilijibu kwa ujasiri, na mtu jasiri hurekebishika.

Kuna mkulima mmoja nje ya mji, upande wa kusini, ambako watu wetu huenda kununua mbuzi na kuchinja wenyewe. Tulirudi kutoka huko na ndoo ya damu iliyokorogwa na chumvi isigande, na utumbo ambao baba aliusafisha kwa maji vuguvugu na ndimu mara nyingi mno hadi ukawa mweupe kama kitambaa. Aliweka meza kwenye garaji, akafungua mlango mkubwa nusu, akawasha jiko la mkaa pale nje. Mama alikuwa na wasiwasi wa kuwapa wageni damu. Baba akamwambia wao ndio walioiomba.

Mutura ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilikosa ladha. Ilipochomwa ya tatu, moshi ulizunguka nyumba ukaingia kwa kidirisha cha besimenti, na baada ya kitambo nikasikia mlango wa chini. Shangazi akatokea garajini, amevaa soksi na sweta kubwa la Erik, macho yake yamevimba kwa usingizi wa mchana. Hakumsalimia baba, wala baba hakumsalimia. Alisimama akivuta ile harufu. Nilielewa baadaye kwamba hakuwa ameinusa tangu walipomzika babu. Akachukua kisu, akaanza kukata dhania. Kisha bila kuinua kichwa akasema, "Baba alikuwa anatia kitunguu cha majani. Hii yako haina." Baba akasogea kidogo, akamwachia nafasi mezani.

Wakati huo ndipo nilipofikiri ugomvi umekwisha, kwa kuwa kwangu mimi watu wakipika pamoja wamepatana. Haukuwa umekwisha. Walizungumza juu ya kitunguu na moto, hawakuzungumza juu ya harusi. Ila shangazi alimsimulia Erik, na Erik akamsimulia baba yake, na Jumamosi iliyofuata pikapu ya kijani ikasimama mbele ya nyumba yetu. Dale akashuka peke yake, kofia ile ile kichwani. Nyuma ya gari alikuwa na sanduku la barafu na mashine ya chuma yenye mpini, ya kujazia soseji.

Baba alisimama na aproni yake imejaa damu. Dale akaondoa kofia. Akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, amesikia kuna mtu anatengeneza soseji, na yeye hutengeneza za paa kila msimu wa kuwinda, na ameleta nyama kidogo kama haitakuwa usumbufu. Baba akamwonyesha pa kuweka sanduku.

Walifanya kazi muda mrefu bila maneno, na ukimya ule haukufanana na wa kwenye kochi. Mikono yao ilielewana. Mmoja akizungusha mpini, mwingine anapokea utumbo unaojaa na kuuzungusha kama kamba. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kazi yangu ikiwa kuchagua vijiti. Dale akainama juu ya bakuli la damu, nikajua sasa atakunja pua. Badala yake akafumba macho. Akasema bibi yake alikuwa akitengeneza ya namna hii, damu na shayiri, kila mwaka wakichinja kabla ya baridi, na kwamba tangu azikwe hakuna mtu nyumbani aliyejaribu tena. Mkewe huona haya kuitaja mbele ya wageni.

Baba akamkatia kipande kutoka kwenye moto, akamtilia chumvi kidogo. Dale alikula akiwa amesimama, kama watu wa Ol Kalou. Alipomaliza alifuta vidole kwenye suruali, akatazama chini, akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu Lakeville.

"Siku ile tulipokuja, niliogopa kulikosea jina lake. Erik alinifundisha njia nzima. Nilipofika mlangoni likanitoka, nikaona afadhali ninyamaze kuliko kuwatukana."

Baba aliigeuza mutura upande wa pili, mafuta yakadondoka, moto ukalipuka na kutulia. Halafu akasema, "Njoki." Akalisema tena polepole. Akamweleza kwamba kwa Kikuyu maana yake ni aliyerudi, kwamba dada yake alipewa jina la bibi yao upande wa mama, na kwa hiyo walipomwita mtoto walikuwa wakimwita na bibi yule. Dale akalirudia. Mara ya kwanza lilitoka vibaya, baba akalirekebisha, likatoka nafuu. Kwa muda uliobaki nilimwona akizungusha mpini wa mashine huku midomo yake ikicheza bila sauti.

Dale alipoondoka, baba aliosha mikono kwenye bomba la nje hadi kwenye viwiko. Akashuka besimenti. Mimi nilikaa juu ya ngazi, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa ndogo na hakuna aliyenifukuza. Sikusikia yote. Nilimsikia baba akisema, "Nilimkosea yule mzee, na wewe pia." Nikamsikia shangazi akilia, kisha akimuuliza kama ana suti inayomtosha.

Ilimtosha. Mwezi wa sita, kwenye nyasi za Lakeville zilizokatwa sawasawa kama zulia, baba alimshika shangazi mkono. Walitembea polepole sana, baba akiwa amenyoosha mgongo kwa namna ambayo sijamwona nayo tena. Walipofika mbele, Dale alisimama kutoka kwenye kiti chake bila kuombwa, akasema mbele ya watu wote, "Karibu, Njoki." Lilitoka sawasawa.

Kisha ikaja zamu ya meza. Baba alikuwa amevua koti na kurudi kwenye aproni, amewasha jiko lake nyuma ya uzio. Tuliweka ubao mrefu ambao yeye na Dale waliulainisha kwa msasa. Upande mmoja zilipangwa soseji za paa, zenye rangi ya matofali. Katikati nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake, jinsi mama alivyofundishwa kwao. Pembeni bakuli la ini lililosagwa laini la Odette, ambaye alikuja amevaa kitenge cha njano na kusimama karibu nalo kama mlinzi. Na mbele kabisa mutura, nyeusi, inang'aa, imekatwa vipande vya mviringo, moshi bado unatoka.

Mama yake Erik alikuja, akasimama. Naamini alikuwa ametegemea vile vipande vya dukani vinavyokunjwa kama waridi. Wageni nyuma yake wakasimama pia. Akauliza kwa upole kile cheusi ni nini. Nilimtazama baba. Angeweza kusema soseji na kuishia hapo, na kwa moyo wa mtoto wa shule ya hapa nilitamani aseme hivyo, kwa sababu nilijua nyuso wanazokunja watoto wenzangu.

Baba akaweka kisu chini. Akasema hii ni mutura, damu ya mbuzi na nyama na mboga, na baba yake aliichoma kila siku ya maisha yake ya kazi na hivyo ndivyo alivyowasomesha yeye na bibi harusi. Akasema mliomba sharkuteri, na neno hilo maana yake ni nyama iliyopikwa, na hii ndiyo yetu. Alilitamka kama Odette, akiburuta ile herufi ya katikati kooni.

Dale akaja na sahani, akajipakulia mutura nyingi, akamwita dada yake mkubwa, bibi mmoja mwenye mkongojo. Bibi yule alikula kipande kimoja. Halafu akamshika baba kiganja na kukishikilia, na kumuuliza kama kuna mutura nyingine. Baada yake foleni ilianza. Mama yake Erik alichukua kipande kidogo, kisha akarudi kwa kikubwa, akimuuliza mama kama anaweza kufundishwa.

Mvulana mmoja wa upande wao, wa rika langu, alinisogelea na kuniuliza kile kitu kinaitwaje. Nikamwambia. Akaniuliza nani alikipika. Nikamwonyesha baba, pale ndani ya moshi, nikamwambia yule ni baba yangu. Nilijisikia mrefu.

Mpiga picha alipowaita jamaa wa karibu, shangazi alituma mtu amlete baba. Baba alikuja akikimbia, akihangaika kufungua kamba ya aproni, akisema angojewe avae koti. Shangazi akamshika mkono, akamzuia. "Acha hivyo hivyo," akamwambia kwa Kiswahili. "Simama hapa katikati." Dale akasogea kumpa nafasi. Ndiyo picha iliyoko ukutani Lakeville hadi leo: bibi harusi na bwana harusi na kila mtu na nguo zake nzuri, na katikati yao baba yangu, aproni imejaa damu na masizi, kidevu juu, akitazama kamera moja kwa moja.